Kupanda milima ya nyumbani polepole

Ukisikia mtu akisema anakwenda Kisii au Nyamira, mwulize kwanza kama magoti yake ni mazima. Huko kwetu uwanja tambarare ni adimu. Migomba, mahindi na majani chai vimepandwa kwenye miinuko, na kutoka barabarani hadi nyumbani aghalabu ni kupanda au kuteremka. Tangu utotoni sikuyajali hayo. Safari hii niliyajali sana, kwa kuwa nilikuwa nikirudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe moyo.

Tuliondoka Nairobi alfajiri kwa matatu na kushika njia ya Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, mwendo wa kilomita 300 hivi. Daktari alikuwa amenikubalia nimeze tembe ya kutoa maji mwilini baada ya kufika. Abiria aliyeimeza asubuhi atamwomba dereva asimame kila mara, na si madereva wote wenye subira. Narok nilishuka nikanyoosha miguu kidogo, kisha tukaendelea.

Tulipofika Bomet nilikumbuka kwamba hospitali ya Tenwek haiko mbali na mji huo. Ilianzishwa na wamishonari katika miaka ya 1930, na leo inasifika Afrika Mashariki kwa upasuaji wa moyo. Wengi wanaopasuliwa huko ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Ndiyo iliyonipata mimi pia. Huanza kwa mtoto kuumwa koo, jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza. Kinga ya mwili inayopigana na vijidudu vya koo hukosea ikaushambulia moyo, na vali huanza kuvuja au kuziba. Madhara yaweza kujificha miaka mingi, hadi siku mtu atakapopanda ngazi akakosa pumzi.

Vali yangu ilibadilishwa, nikatiwa ya chuma. Jamaa na marafiki walisherehekea wakisema nimepona. Lakini upasuaji hurekebisha mlango. Ukuta uliochoka kwa miaka mingi haugeuki kuwa mpya siku hiyo hiyo. Moyo mzima husukuma nje kati ya sehemu 55 na 70 za kila sehemu 100 za damu iliyojaa katika chumba chake cha kushoto. Wangu, kwa kipimo cha mwisho, ulisukuma 35. Siumwi, wala sijapona kabisa. Hayo sikuwa nimemweleza mama.

Kutoka Keroka tuliteremka hadi mjini Kisii. Mji huu wenyewe umejengwa kwenye mteremko, na soko la Daraja Mbili halijui utulivu. Vinyago vya mawe laini ya Tabaka nilivitazama tu, kwa maana kubeba jiwe si kazi yangu tena. Ndizi nilizinunua, lakini chache. Baadhi ya dawa za moyo huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini, na ndizi zina madini hayo kwa wingi. Mgusii kuhesabu ndizi ni kichekesho, lakini nilihesabu.

Nilipanda gari jingine la kwenda Nyamira. Sehemu hii ilimegwa kutoka Kisii ikawa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa kila upande ni kaunti. Njiani unaliona genge la Manga limesimama kama ukuta, na ukizidi kusonga mbele kuelekea Kebirigo, majani chai hutandaza kijani kibichi kila upande. Watu huniuliza kama hewa ya milimani hainidhuru. Nairobi nayo iko juu, kama ulivyo mji wa Kisii, kwa hiyo tatizo langu si hewa bali ni mwinamo wa njia.

Nilishushwa chini ya kilima chetu. Kijana wa bodaboda alinikaribia, nikampa mzigo autangulize. Mimi nilitaka kupanda kwa miguu. Kliniki walinifunza kipimo rahisi: nikiweza kuzungumza huku nikitembea, mwendo unanifaa, maneno yakikatika, nisimame. Nikiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, safari imekwisha.

Niliogopa aibu ya kusimama kila hatua kadhaa mbele ya watu walionijua nikiwa mkimbiaji wa shule. Kumbe mila zetu zilikuwa zimenitengenezea njia. Kwetu hupiti mtu bila kumsalimu, na salamu hazitolewi kwa haraka. "Bwakire," ananiambia mzee aliye langoni. Nasimama, namjibu, ananiuliza habari za Nairobi, za watoto, za mvua. Tukimaliza, pumzi imerudi. Nikafika lango la pili, salamu tena. Njia niliyokuwa nikiikimbia kwa dakika tano ilinichukua nusu saa, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nikipumzika.

Mama alinipokea kwa machozi. Msomaji asishangae akisikia kwamba mimi humwita "baba". Kwa Kigusii mama ndiye baba, na baba ndiye tata. Alikuwa amepika obokima wa wimbi na chinsaga iliyolazwa kwa maziwa. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Mwenye vali ya chuma humeza warfarini ili damu isigande, na mboga za majani zina vitamini inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Wengine husikia hivyo wakaacha mboga kabisa, na hilo ni kosa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile kila wiki, na kupima damu kwa tarehe iliyopangwa. Nilikula sehemu yangu. Nilipoambiwa niongeze chumvi, nilikataa. Kikombe cha pili cha chai nilikikataa pia, kwa kuwa nimewekewa kiasi cha maji ya kunywa kwa siku, na chai ni maji.

Mama aliweka birika chini. "Mwanangu, ulisema umepona. Mbona unakula kama mgonjwa?"

Nikamweleza yote: ile 35, tembe za kila siku, mto wa pili ninaoulalia usiku. Alinyamaza muda mrefu. Kisha asubuhi aliniona nikipanda mizani niliyokuja nayo, akauliza ninapima nini. Nikamwambia kwamba moyo ukichoka, maji hubaki mwilini. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili tatu, si unono, ni maji, na lazima nimwone daktari kabla miguu haijavimba.

Mama amepeleka majani chai kituoni karibu maisha yake yote. Akacheka kidogo. "Kumbe ni kama majani yaliyonyeshewa," akasema. "Mizani inasema kilo, lakini mkulima anajua ni mvua." Tangu siku hiyo haniulizi kama nimepona. Hunipigia simu asubuhi akauliza mizani inasemaje.

Kabla sijaondoka, mpwa wangu wa miaka minane aliamka na homa, akashindwa kumeza chakula. Shangazi mmoja alitaka achemshiwe majani ya dawa, yaishe. Sikusubiri neno la pili. Nilimwomba dada yangu ampeleke zahanati siku hiyo hiyo. Si kila koo huleta ugonjwa wa moyo, na huenda yake ni mafua tu. Lakini vijidudu vikithibitika kuwa vile vibaya, penisilini ikitolewa mapema na kumalizwa yote humkinga mtoto na njia niliyopitia mimi. Dawa hiyo ni rahisi mno ukiilinganisha na kufunguliwa kifua.

Niliteremka kilima polepole, nikisalimia tena lango kwa lango. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, nami zamani nilidhani ni methali ya wazee. Wewe mwenye mgonjwa wa aina hii nyumbani, usimharakishe, wala usimfiche ndani. Msindikize, simama naye anaposimama, na ukikosa la kumwambia, msalimu.