Sauti Moja Kujifanya Nyingi

Desturi ya kuimba pamoja hapa kwetu Minova, ukingoni mwa Ziwa Kivu, haikuanza na korali za kanisa. Wavuvi waliimba wakipiga kasia, mama waliimba wakilima: mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Siku hizi kinanda cha umeme kimeingia kati, nasi tunataka kusema neno juu ya kitufe chake kimoja: korasi.

Sauti inayotengenezwa na umeme imenyooka mno. Mama mmoja wa korali yetu alipoisikia mara ya kwanza alisema: «Hii sauti iko peke yake.» Alisema kweli. Watu kumi wakiimba noti moja, hakuna wawili wanaolingana kabisa: huyu anachelewa kidogo, yule anapanda au anashuka kidogo. Utamu unatoka katika tofauti hizo.

Korasi inaiga jambo hilo. Inachukua nakala ya sauti, inaichelewesha kiasi cha milisekunde 20 au 30, na muda huo unabadilika-badilika polepole, hata nakala inapanda na kushuka kidogo. Ikichanganywa na sauti ya kwanza, sikio linadhani waimbaji ni wengi. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha korasi, CE-1, mwaka 1976. Kinanda chake cha Juno-60, cha mwaka 1982, kilikuwa na oskileta moja tu kwa kila noti; unene wake ulitoka kwenye korasi. Lakini wazo si la mashine. Kule Bali, ala za shaba za gamelan hutengenezwa mbili-mbili, moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, ili sauti itetemeke.

Basi, tuitumie kwa kiasi. Ikizidi, noti inayumba kama mlevi na waimbaji hawajui washike wapi. Tena kuna jambo zito zaidi. M23 walipoushika mji wetu mwezi wa Januari 2025, watu walitawanyika, na benchi za korali yetu zikabaki na nafasi. Ni rahisi kubonyeza kitufe na kuziba pengo lile. Mashine inaiga tofauti za sauti zetu. Kuitikia mwenzake haiwezi.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wapiga kinanda: wakati wa mazoezi, korasi izimwe, ili tusikie nani hayupo.