Nywele ndani ya uvimbe

Wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilihusu dhambi: ni yake, au ni ya wazazi wake? Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, Bwana alikataa yote mawili. Mitaani mwetu swali hilo lingali hai. Liliulizwa juu ya msichana wa miaka 7 katika katekesi yangu, aliyezaliwa na uvimbe kama punje ya haragi kwenye ncha ya nyusi, upande wa nje.

Haukumuuma, ila ulikua polepole. Jirani mmoja alikwisha kuona uvimbe wa namna hiyo ukichomwa, na nywele zikatoka. Hapo likatamkwa neno ulozi. Mnajua neno hilo humfikisha mtoto wapi: barabarani, usiku, bila mlango wa kubisha.

Bibi yake aliniuliza: «Mwalimu, kama si ulozi, nywele zimeingiaje humo?» Swali la haki kabisa.

Nilimjibu kadiri daktari alivyotueleza. Mtoto anapoumbwa tumboni, mifupa ya uso hukutana na kuungana. Pale inapoungana, chembe chache za ngozi huweza kunaswa ndani. Hazifi; huendelea na kazi ya ngozi, zikitoa mafuta na maganda, pengine hata nywele, lakini njia ya kutokea hazina. Hivyo hujengeka kifuko, ambacho waganga hukiita kisti ya dermoidi. «Basi, Mama, nywele hazikuingia. Ziliota humo.»

Kuchoma au kukamua ni hatari. Mafuta yakimwagika huwasha nyama za kando, na ukuta wa kifuko ukibaki, uvimbe hurudi. Daktari humlaza mtoto usingizi, hukata mstari mfupi kando ya nyusi au katika mkunjo wa kope ili kovu lijifiche, kisha hukitenga kifuko mpaka kitoke kizima. Uvimbe ulio karibu na pua, au uliozama ndani, hupigwa kwanza picha ya skana, maana mzizi wake waweza kuelekea ubongo.

Wengine walitaka novena peke yake. Novena tuliifanya, na hospitali tulikwenda. Yoshua bin Sira, sura ya 38, ameweka sala na mganga pamoja.

Nyuzi zilipotolewa, mtoto alitaka kujua kifuko chake kimetupwa wapi. Nikamwambia kimepelekwa maabara, kikatazamwe kwa darubini. Akauliza kama naye anaweza kutazama.