Tulisema Ni Mpole Tu

Kila inapotangazwa kwamba mtu ameua mkewe na wanawe, sisi wa Tukuyu, kama wengine, hukimbilia kauli mbili: shetani kampitia, au karogwa. Tumezisema hata barazani baada ya swala ya Ijumaa, kisha kila mmoja akarudi kwake ameridhika kwamba muuaji si mtu wa namna yetu.

Shemeji yetu alituondolea raha hiyo. Mpole, swala tano hazimpiti. Deni la mbolea ya viazi likamlemea, akanyamaza. Usiku mmoja dada yetu akatujia: "Kaka zangu, anasema tukiondoka duniani sote, aibu itaisha." Tukamwambia avute subira. Subira! Jibu hilo linatuchoma hadi leo.

Mtaalamu wa makosa ya jinai, Neil Websdale, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu wanaoua familia zao, ameeleza namna mbili za nyoyo. Wa kwanza ni mkali, mwenye kumtawala mkewe kwa vitisho, na hatari huzidi mke anapotaka kuondoka. Wa pili ni mstahiki, aghalabu hajainua mkono nyumbani. Lakini akifilisika au kuvunjiwa heshima, huificha fedheha yake, hata akaona kuwaua wanawe ni kuwahurumia. Huyu wa pili ndiye tuliyekuwa tukifuturu naye.

Mwaka 1957 Monica Wilson alichapisha kitabu juu ya mila za ukoo za Wanyakyusa wa hapa Rungwe. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu huleta maradhi, hivyo ilibidi itamkwe mbele ya jamaa. Itikadi hiyo hatuichukui, tauhidi haituruhusu. Lakini wazee wale walijua kuulizana. Na katika Surat al-Maida, mwana wa Adamu tumjuaye kwa jina la Qabil alimtamkia nduguye kusudio lake kabla ya kulitenda. Tumeisoma sura hiyo tangu madrasa, wala hatukulizingatia hilo.

Aliyetuzindua ni mama, kwa kutufokea. Siku ile ile, mvua ikinyesha, tukawahamishia dada na watoto kwake. Shemeji tulimpeleka hospitali. Alilia njia nzima, kisha akakubali kuonana na daktari wa akili. Deni lingalipo, tunalilipa kidogo kidogo. Watoto wangali kwa bibi yao, na kila jioni hutuuliza baba atakuja lini kuwachukua.