Nani Ashike Mpira?

Wahenga walisema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Vijana wa Shika Adabu wanaovuka feri ya Likoni kwenda kutazama mpira wa kikapu huko Makande, ambako timu za Mamlaka ya Bandari huchezea, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Wengi wao hushikilia kuwa timu ya kulipwa haina budi kumkabidhi mpira mchezaji mmoja tu: yule mfupi, mwepesi, hodari wa kudunda.

Hoja yao ina mashiko. Kanuni za kimataifa huipa timu sekunde 8 za kuvusha mpira nusu ya uwanja na sekunde 24 za kurusha kikapuni. Muda huo hauruhusu baraza. Aidha, swali lenyewe sasa ni la riziki. Mwaka 2025, Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Kikapu ya Afrika, iliyoanza mwaka 2021. Kijana mfupi wa Likoni anayeota kufika huko huamini kwamba kudunda ndiyo tiketi yake. Mrefu naye huambiwa asubiri chini ya kikapu.

Hata hivyo, je, kimo ndicho kigezo? James Naismith alipouanzisha mchezo huu nchini Marekani mwaka 1891, kanuni zake 13 hazikumruhusu mchezaji kukimbia na mpira. Alipaswa kuutoa akiwa pale alipoudakia. Magic Johnson, mchezeshaji wa Los Angeles Lakers, alikuwa na urefu wa sentimita 206. Nikola Jokić, mchezaji wa kati mwenye sentimita 211, ndiye aliyekuwa kitovu cha mashambulizi ya Denver Nuggets ilipotwaa ubingwa mwaka 2023. Wawili hao walikabidhiwa mpira kwa sababu ya macho yao.

Mwenye mpira ameshika jasho la wenzake wanne. Akiudunda kupita kiasi, wenzake husimama na walinzi wa upinzani hupumzika. Akimwona aliye wazi na kumpa kwa wakati, wote hufanya kazi. Hiyo ndiyo adabu ya kushika mpira: kujua wakati wa kuuachilia.

Si kwamba kila mtu auchezeshe apendavyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini sindano nayo haishikwi kwa vidole vyote. Timu ya kulipwa imteue mmoja, awe mfupi au mrefu, alimradi anaona mbali na si mchoyo. Lakini katika viwanja vya mitaani, wafundishwe wote. Mtoto mrefu anayekatazwa leo kudunda hatakuwa na la kuonyesha siku ya uteuzi, na yule mfupi aliyefunzwa kudunda pekee atagundua, akiwa amechelewa, kwamba kutoa pasi nako kulihitaji kufunzwa.