Kanda ya Kaka

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapoingia na umande wa Njombe kuanza kuganda juu ya majani, mimi hushuka Makambako. Safari yenyewe si ndefu, kilomita 60 hivi, na sababu ninayoitoa nyumbani ni kwamba nakwenda kushonesha koti. Kweli koti hushonwa, au hutiwa viraka. Lakini kinachonipeleka ni kibanda cha fundi cherehani mmoja, karibu na pale barabara ya Songea inapoiacha barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Humo tumekuwa tukikutana watu wanne kwa miaka mingi: Fundi mwenyewe, ambaye amevuka miaka sabini, dereva mstaafu wa malori, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mimi, ambaye kwa umri ni mdogo wao wote na kwa hiyo ndiye ninayetumwa chai.

Shughuli yetu ni moja. Tunasikiliza nyimbo za dansi zilizorekodiwa katika nyakati mbalimbali, na tunabishana ni wakati upi bendi fulani ilikuwa bendi kweli. Msomaji wa Unguja au Pemba asitucheke. Nimewahi kukaa kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe nikawasikia wazee wakibishana juu ya vizazi vya waimbaji wa Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, na kahawa ikapoa mikononi mwao. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunaugua kwenye baridi.

Fundi ni mtu wa NUTA. Kwake yeye bendi ile iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi haijapata kuwa na mfano, na kila jina iliyopewa baadaye, JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, ni kama shati lililogeuzwa kola: linavaliwa, lakini fundi anajua. Dereva anapinga. Yeye ni mtu wa JUWATA ya miaka ya themanini, alipokwisha kuingia marehemu TX Moshi William, na hutuambia kwamba asiyepata kuendesha lori usiku akipanda Kitonga huku sauti ile ikitoka redioni hana haki ya kupiga kura. Mwalimu ni mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 na kuchukuliwa na DDC mwaka 1983. Huyu husema kwa upole, kama anayesahihisha daftari, kwamba sisi sote tunasifia maji ilhali yeye anatuonyesha kisima.

Nimetaja kisima, na hapo ndipo ubishi wetu huwa mtamu, kwa sababu wote watatu humwita shahidi mmoja. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioiunda Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye, Hassan Rehani Bitchuka, Abel Balthazar na wenzao wengine wakahamia Orchestra Safari Sound, wakaja na mtindo wa Ndekule. Baadaye akarudi Msondo, akastaafu mwaka 2013, na akafariki mwaka 2014. Kwa hiyo Fundi anaposema "msikilizeni Muhidin", Mwalimu naye anasema "ndiyo, msikilizeni Muhidin", na kila mmoja anacheza kanda yake. Sauti ni ya mtu yule yule, lakini katika ile ya kwanza anaimba kama kijana anayeomba kazi, na katika ile ya pili anaimba kama mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa na msimamo wangu, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Kila mara ubishi ulipofika kwenye kanda za ukumbini, yaani zile zilizonaswa na wapenzi kwa radio-kaseti zao dansini, mimi nilizikataa. Nilisema kwamba wimbo ni ule uliorekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Nilikuwa na hoja, na nilizipanga vizuri, maana miaka yangu mingi nimeitumia kufasiri mashairi ya watu wengine kwa kamusi na taa ya chemli, bila mwalimu, na mfasiri hujifunza mapema kwamba lazima kwanza ajue ni matini ipi anayoifanyia kazi.

Hoja zenyewe zilikuwa hizi. Katika studio ile bendi nzima ilipiga kwa pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, mbele ya maikrofoni chache. Hapakuwa na kumrekodi mmoja leo na mwingine kesho, kisha kuwaunganisha. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Maneno yalikwisha kupitiwa na wahusika kabla ya kurekodiwa, kwa hiyo mtunzi alikuwa ameyapima. Nilisema kwamba rekodi hiyo ni dansi lililovaa nguo za Idi: watu ni wale wale, lakini wameoga. Ukumbini, niliendelea, kuna chupa, kuna makelele, kuna mtu anayemwita mwenzake katikati ya ubeti.

Mwalimu alinijibu siku moja kwa mfano wa kwenu visiwani, na mfano huo ulinikaa. Alisema, "Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri za wakati ule upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Je, Siti aliimba dakika tatu alipokuwa kwa watu wake? Tulicho nacho ni kile kilichoenea kwenye santuri. Kilichobaki nje ndicho kilichomfanya Shaaban Robert aandike kitabu kizima juu yake."

Sikuwa na jibu. Katika dansi letu mambo ni hayo hayo. Wimbo una sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, ambamo kisa husimuliwa, na ya pili, chemko, ambamo magitaa hushika kasi, waimbaji wakaitikiana na wachezaji wakasahau viti vyao. Redioni chemko lina mwisho, kwa kuwa kipindi kina saa yake. Ukumbini mwisho wake huamuliwa na miguu ya watu. Gitaa la solo likipata njia mpya usiku ule, wenzake humfuata, na kesho yake njia hiyo imefutika kama nyayo za mfukweni, isipokuwa kama kulikuwa na mtu aliyekaa na radio-kaseti chini ya meza.

Kaka yangu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Alikuwa utingo wa lori, na mwaka 1984 alikaa Dar es Salaam wiki nzima akisubiri mzigo. Usiku mmoja alikwenda kuwasikiliza Mlimani Park, akachukua na radio-kaseti ya kuazima. Aliporudi nyumbani Makambako alikuwa na kaseti moja. Upande B ulikuwa na nyimbo alizozinasa kutoka redioni, safi kabisa. Upande A ulikuwa na ukumbi. Kabla hata hajala, alichukua kisu, akavunja kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, kinacholinda upande A usifutwe. Cha upande B hakukivunja. Alisema nyimbo za redio zitapigwa tena.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, na nimeanza kutunga. Nilitamani kujisikia kama nilivyowasikia washairi redioni. Hatukuwa na kaseti nyingine. Betri zilikuwa zimechoka. Nilizianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Kaka alikuwa safarini. Nilikuwa na pande mbili za kuchagua, na nataka niseme wazi kwamba sikukosea upande. Upande B niliupenda, nyimbo zake nilizijua kwa moyo. Upande A kwangu ulikuwa kelele za walevi. Nikakunja kipande cha karatasi, nikaziba lile tundu, mashine ikakubali. Nilighani tungo zangu tatu, nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, mpaka upande ukakaribia kwisha.

Kaka aliporudi aliweka kaseti, akakaa. Nilikuwa mlangoni. Alisikiliza mashairi yangu yote, pamoja na makosa na kukohoa kwangu, hadi mwisho. Kisha akasema, "Sauti yako ni nzuri, mdogo wangu. Ungeniambia wataka kaseti tupu, ningekununulia." Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo siku ile wala siku nyingine. Lakini sikumwona tena akirekodi kitu, na mwaka mmoja kabla ya hapo wale waimbaji walikwisha kuhama, kwa hiyo hata angekwenda tena Dar es Salaam, ukumbi ule haukuwapo tena wa kurekodiwa. Kaka alifariki mwaka 1994.

Sasa msomaji ataelewa hoja zangu za studio zilikuwa na kazi gani. Kama wimbo ni ule wa redioni tu, basi mimi sikuharibu kitu. Nilifuta makelele. Miaka mingi nilibishana katika kibanda cha Fundi kwa ufasaha mkubwa, nikitaja matini, asili na nakala, na wenzangu wakadhani wanabishana na mfasiri. Walikuwa wanabishana na kijana wa miaka kumi na sita mwenye karatasi mkononi.

Juni iliyopita nilikwenda na kaseti hiyo mfukoni. Niliwaeleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa maneno machache. Kimya kikapita. Dereva aliuliza swali moja: "Mwishoni ulifuta kote?" Nikamwambia kwamba hapana, mashairi yalikwisha kabla ya utepe, na pamebaki sehemu ndogo sana, ambayo sikupata kuisikiliza tangu kaka alipofariki.

Fundi alisimamisha cherehani. Utepe ulikuwa umelegea, akaukaza kwa kalamu, akaiweka kaseti katika mashine yake kuukuu. Ikabidi kwanza tupite katika mashairi yangu, maana hakutaka kuukimbiza utepe mkongwe usije ukakatika. Basi nikakaa pale, mtu mzima mwenye mvi, nikajisikia nikighani vina vya kulazimisha kwa sauti ya ndege mchanga. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Ubeti wa mwisho ulipopita alisema, "Mizani imetimia. Ila humo ndani hamna mtu." Ni hakiki ya haki kuliko nyingi nilizowahi kupata.

Halafu kukawa na mkwaruzo, na ukumbi ukafunguka.

Tulihesabu baadaye: sekunde arobaini na moja. Ni katikati ya chemko. Gitaa la solo liko juu, linazungukia sauti tatu au nne, haliondoki, na gitaa la pili liko chini yake linalisukuma. Kuna makofi. Kuna chupa inayoanguka. Waimbaji wawili wanaitikia neno moja ambalo hatukulipata, na mmoja anacheka kidogo ndani ya wimbo, kicheko ambacho katika studio kingewarudisha wote mwanzo. Kisha kanda inakwisha, bila wimbo kwisha.

Nilitegemea watasema pole. Fundi alirudisha utepe kwa kalamu, taratibu, akacheza tena. Dereva akasema, "Huyo wa solo ni Abel." Mwalimu akasema si Abel, ni Joseph Mulenga, na kwamba mtu mwenye masikio angejua. Fundi, mtu wa NUTA, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukiri jema lolote lililotoka Sikinde, akasema kwamba yeyote awaye, alijifunza kwa wazee wa NUTA. Wakaicheza mara ya tatu, kisha ya nne. Neno la kiitikio likazua ubishi wake. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alilisikia waziwazi.

Waliponigeukia wakitaka hukumu yangu, kwa mara ya kwanza katika kibanda kile sikuwa na matini ya kutetea. Nilisema kwamba mimi nasikia "rudi", lakini huenda ni kwa sababu nataka kulisikia. Mwalimu alitikisa kichwa. Alisema herufi ya kwanza ni "l", hilo halina ubishi.

Jioni ilipoingia Fundi aliitoa kaseti, akaitazama mgongoni. Kipande changu cha karatasi kilikuwa bado kimo tunduni, kimekuwa cha manjano. Akakichokoa kwa sindano, akakitupa pamoja na mabaki ya vitambaa, akanikabidhi kaseti na koti langu. Bei ya koti alinitajia. Ya kukitoa kikaratasi hakuitaja, nami nilipanda basi la Njombe nikiwa nimechelewa, huku nikilijaribu lile neno mdomoni kwa "l", kisha kwa "r".