Jatiluwih, kijiji cha mpunga ambako fedha hazinunui maji

ALFAJIRI katika kijiji cha Jatiluwih, kabla pikipiki hazijaanza kupita, kinachosikika ni maji. Yanateremka kutoka Mlima Batukaru, yanaingia jaruba la juu, yanamwagikia la chini yake, kisha la chini zaidi, mpaka bondeni. Baba mwenye jembe begani anapita juu ya tuta jembamba akikagua kama kuna sehemu iliyobomoka usiku. Nyumbani mkewe ameshapika wali wa siku nzima, na watoto wanavaa sare za shule.

Jatiluwih iko wilayani Tabanan, kisiwani Bali, nchini Indonesia. Majaruba yake yaliyopangwa kama ngazi ni sehemu ya eneo la hekta 19,500 ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Picha zake zimezunguka dunia, na wapo wazazi wa nchi za mbali wanaozitazama na kujiuliza: kwa nini tusichukue akiba yetu, tuhamie huko, tununue kiwanja na kulea watoto kwenye hewa safi?

Swali ni zuri. Jibu lake linaanzia kwenye maji.

Maji yana wenyewe

Mkulima wa Bali halimi peke yake, hata kama hati ya shamba ina jina lake. Wote wanaopata maji kwenye mfereji mmoja ni wanachama wa subak, chama cha umwagiliaji ambacho historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 9. Kiongozi wake huitwa pekaseh. Wanachama hukaa na kukubaliana nani aanze kupanda, lini maji yafunguliwe na lini mashamba yapumzike. Mfereji unapogawanyika huwekwa gogo lenye mikato, na upana wa mkato ndio fungu la kila upande. Kusafisha mifereji ni kazi ya msaragambo, na chama kina faini kwa anayekwepa. Wabali wengi ni Wahindu, hivyo subak ina mahekalu yake, na zamu za maji hufuata kalenda ya ibada.

Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kupanda mbegu za muda mfupi mfululizo, bila kungoja zamu. Mavuno yalipanda mwanzoni. Baadaye wadudu waharibifu na panya wakawa na chakula mwaka mzima, wakihama jaruba hadi jaruba. Mwanaanthropolojia wa Marekani, J. Stephen Lansing, alionyesha kwamba zamu zile za mahekalu zilikuwa na kazi kubwa: majaruba ya eneo zima yakipumzika kwa pamoja, wadudu hukosa chakula na mzunguko wao hukatika. Jirani asipofuata zamu, hasara ni ya wote.

Kulelewa majarubani

Watoto hukua ndani ya utaratibu huo. Majina yao ya kwanza mara nyingi hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Wayan ni wa kwanza, Made wa pili, Nyoman wa tatu, Ketut wa nne. Mapema hujifunza kwamba padi ni mpunga, beras ni mchele na nasi ni wali, maneno matatu kwa chakula kimoja, kama yalivyo katika Kiswahili. Baada ya mavuno huwaona bata wakiingizwa majarubani kula masazo na wadudu.

Kijana akioa, yeye na mkewe huingia banjar, jumuiya ya mtaa. Harusi, mazishi na ukarabati wa hekalu hufanywa kwa mikono ya wote. Gogo la mlio liitwalo kulkul likigongwa, watu huacha shughuli zao na kwenda.

Lakini wazazi wa hapa nao wana mtihani wao. Sensa ya kilimo ya Indonesia ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za wakulima zina chini ya nusu hekta. Kipande hicho hakitoshi kugawiwa watoto watatu. Vijana wanakwenda mijini kufanya kazi hotelini, ada inahitajika, na mnunuzi wa kiwanja cha nyumba ya wageni anaweza kutaja bei ambayo mpunga hautaifikia kwa miaka mingi. Baba anayekataa anaonekana mkaidi. Anayekubali anaondoa zaidi ya shamba lake, maana mfereji uliopita hapo unaweza kuzibwa, na walio chini wakabaki wakisubiri maji.

Sheria inasemaje

Mgeni anapaswa kujua haya kabla ya kutoa hata rupia moja. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inampa raia pekee haki kamili ya kumiliki ardhi. Mgeni anaweza kupanga, au kupewa haki ya kutumia kwa muda maalumu. Akinunua kwa kujificha nyuma ya jina la rafiki raia, sheria hiyohiyo inasema mauziano ni batili, ardhi inakwenda kwa serikali na malipo hayawezi kudaiwa. Akiba ya familia inaweza kupotea hapo bila mwizi kuingia ndani.

Aliyeoa au kuolewa na raia wa Indonesia hukutana na jambo hili ndani ya ndoa. Bila mkataba wa kutenganisha mali, mali inayochumwa ni ya wote wawili, na hapo hata mwenza aliye raia hukwama kumiliki ardhi kikamilifu. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliruhusu mkataba huo ufanywe hata baada ya harusi.

Kufungua kampuni nako si kwa mwenye akiba ndogo. Kanuni zinamtaka mwekezaji wa kigeni awe na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Na tangu mwaka 2009 kuna sheria inayolinda mashamba ya chakula yasigeuzwe matumizi mengine ovyo.

Pa kuanzia

Kwa familia inayotamani maisha hayo, njia salama ni kupanga nyumba iliyokwishajengwa na kukaa angalau msimu mmoja, tangu kupanda hadi kuvuna. Mpunga mwekundu wa kienyeji wa Jatiluwih huchukua takriban miezi mitano au sita shambani. Muda huo unatosha mtoto kuanza kuelewa lugha ya wenzake, na mzazi kujua mwanasheria gani anaaminika na jirani gani anasema kweli.

Fedha zikiwekwa, zifuate kazi ambayo wenyeji tayari wanaifanya: kukoboa na kufungasha mchele mwekundu, kuusindika kuwa kinywaji, au kupokea wageni katika nyumba ya mkulima, yeye akibaki mwenye nyumba na mwenye shamba. Faida yake inaweza kuwa ndogo kuliko ile inayotangazwa kwenye matangazo ya viwanja, lakini inampa baba wa Jatiluwih ada ya mtoto bila kuuza jaruba.

Mgeni akisikia kulkul ikigongwa, naye atoke aende. Akishika fagio au koleo pamoja na wenzake, watoto wake watakuwa wanamtazama, na majirani pia.