Waliotua Kilambo

Rubani wa kigeni wa kwanza kumwona ana kwa ana nilimkuta barabarani. Ilikuwa mwaka 2007, Kilambo, upande wa Walikale. Nilikuwa nimetembea siku kadhaa kutoka kwetu Mpofi, pale Masisi na Walikale zinapopakana, nikimtafuta mwanangu wa tatu aliyeacha mke na mtoto mchanga akaenda kubeba mawe ya machimbo ya Bisie. Miaka ile ilikuwa shida kupata nyumba ya kwetu isiyo na kijana Bisie. Walibeba kasiteriti, mawe yenye bati, gunia la kilo 50 mgongoni, siku mbili za msitu hadi Njingala. Kutoka hapo mawe yalifika Kilambo, kwenye kipande kilichonyooka cha barabara kuu ya Kisangani–Bukavu. Lami hiyo ndiyo iliyokuwa kiwanja cha ndege.

Askari alilaza mti kukatisha njia. Pikipiki zikazimwa, akina mama wakatua mabeseni yao, mbuzi wakafukuzwa. Antonov ikashuka juu ya miti, ikagusa lami, ikaja ikinguruma hadi mbele yetu. Zikatoka kreti za bia, mchele, sabuni. Yakaingia magunia. Kati ya vijana waliokuwa wakipakia nilimwona mwanangu, amekonda, mabega yamechubuka. Hakuacha kazi kuja kunisalimia. Alinionyesha kwa mkono nisubiri.

Basi nikasubiri kivulini chini ya bawa, na kivulini hapo alikuwa amekaa rubani, Mzungu wa makamo, akila ndizi za kuchoma alizonunua kwa mama wa pale. Koti lake la kijani lilikuwa limepauka lote, isipokuwa mabegani na kifuani, palipobaki vipande vya rangi ya zamani. Beji zilikuwa zimebanduliwa. Mpakiaji mmoja aliyemzoea akaniambia: huyu alikuwa meja kwao. Nchi yao ilivunjika, mshahara ukakatika, akaja huku.

Niliyatazama yale mabaka ya kijani kibichi hadi magunia yakaisha. Meja wa jeshi lililokuwa likiogopwa na dunia nzima alikuwa ametua msituni kwetu kubeba mawe, na yeye si mwizi wala mlevi, ni mtu anayekula ndizi taratibu na kuangalia saa. Ndipo nikamkumbuka mtoto wa shangazi yangu, na aibu ikanishika.

Tulikua pamoja. Katika miaka ya 1970 aliingia jeshi la anga la Zaire. Mobutu alikuwa amenunua ndege za kivita za Mirage kwa Wafaransa na C-130 kwa Wamarekani, na kijana wa kwetu kupelekwa Kamina kufundishwa mambo ya ndege lilikuwa jambo la kijiji kizima. Alipokuja likizo, wazee walimwachia kiti. Sisi wa rika lake tulishika kofia yake kwa zamu. Alirusha C-130, ile ndege kubwa ya mizigo, na akisimulia jinsi mto Kongo unavyoonekana kutoka juu, hata wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha mchi.

Halafu mishahara ikaanza kuchelewa. Mwezi mmoja, miwili, minne. Septemba 1991 askari wa Kinshasa walitoka kambini wakapora mji. Januari 1993 serikali ikawalipa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, askari wakapora tena, na katika vurugu hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akapigwa risasi akafa. Ndugu yangu alikuwa nayo noti ile. Miaka baadaye alinionyesha: ameikunja mara nne, ameiweka ndani ya kitambulisho chake cha jeshi. Ndiyo iliyokuwa mshahara wake wa mwisho.

Tajiri mmoja mwenye ndege akamwita. Dolari mkononi, kwa kila safari. Akaenda. Hakuandika barua ya kuacha kazi, na hakuna aliyemfuata kumuuliza yuko wapi. Rubani ambaye nchi ilitumia miaka kumfundisha aliondoka kama mtu anavyotoka kwenye kilio cha jirani, kimya, na nafasi yake ikafunikwa na vumbi.

Mimi ndiye niliyemtukana. Alipokuja kwenye matanga ya mama yake nilimwambia mbele ya watu kwamba ameuza sare ya taifa. Hakunyanyua sauti. Alisema: "Miezi saba, kaka. Nihesabie wewe watoto wangu walikula nini." Sikuwa na hesabu hiyo, na sikuomba msamaha. Kizazi chetu kilifundishwa kwamba anayebaki ni mwaminifu na anayeondoka ni msaliti, na hapakuwa na mtu wa kutuuliza aliyebaki anakula wapi.

Nayaandika haya kwa sababu yule mtoto mchanga aliyeachwa Mpofi ni kijana sasa, na anataka kuruka. Jioni moja alinisomea kwenye simu yake habari za marubani wa jeshi la anga la Marekani. Kule, mtu akishapata mabawa yake analitumikia jeshi miaka 10 kulipa deni la mafunzo. Deni likiisha, wakubwa wanakuja mezani: weka sahihi ubaki miaka kadhaa zaidi, tutakuongezea hadi dolari 50,000 kila mwaka juu ya mshahara wako. Kiwango cha juu kilikuwa 35,000, wakakipandisha, maana marubani wanawakimbia. Mashirika ya ndege yanawavuta. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50, na baadaye sheria ikataka hata rubani msaidizi awe na saa 1,500 angani kabla ya kubeba abiria. Anayetoka jeshini anaruhusiwa akiwa na 750. Kwa hiyo mwenye kampuni akitafuta rubani aliyeiva, anatazama kambini. Mwaka 2023 marubani wa Delta peke yao walipata mkataba wa kuongezewa asilimia 34 kwa miaka minne, na rubani wa abiria anaweza kufanya kazi hadi miaka 65.

Kijana akaniuliza: "Babu, wewe ungebaki au ungeenda?"

Sisi Wakongo neno primi, nyongeza juu ya mshahara, tunalijua. Mwalimu anaisubiri, muuguzi anaisubiri, askari anaisubiri, na mara nyingi inaishia njiani. Lakini hiyo ya Marekani ilinigusa kwa jambo jingine kuliko ukubwa wa fedha. Serikali inakuja kwa mtu kabla hajaondoka, inamwuliza unataka nini ili ubaki, na inaandika jibu kwenye karatasi. Inakiri kwamba inamhitaji. Ndugu yangu hakuulizwa hata siku moja. Kama angeulizwa mwaka 1990, naamini angekubali chini ya robo ya kile tajiri alichompa, alipwe tu kila mwisho wa mwezi.

Ziko nchi zilizoshika fimbo. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi mjini Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha askari wa majini wa Kenya walioacha kazi wakaenda kuzifanyia kazi kampuni za ulinzi za Kimarekani huko Mashariki ya Kati. Jeshi haliwezi kuishi bila nidhamu, hilo nalikubali. Ila hukumu ya namna hiyo inamfunga aliyeondoka, haimpi sababu ya kubaki yule aliye bado kambini anayefikiri.

Wala sitaki mjukuu wangu adhani nje ni peponi. Ndugu yangu alilipwa kwa safari, na anayelipwa kwa safari hana siku ya mvua. Mawingu yakifunga milima, asiporuka hakuna chakula. Mwenye mzigo akisema ongeza magunia matano, yeye ndiye mwenye ndege na ndiye mwenye dolari. Januari 8, 1996, Antonov 32 yenye marubani Warusi ilishindwa kuinuka Kinshasa ikapita katikati ya soko la Simbazikita. Waliokufa walizidi 200, wengi wao akina mama waliokuwa wakiuza. Ndugu yangu aliniambia usiku ule hakulala. Aina ile aliirusha yeye mwenyewe, na mara ngapi aliondoka uwanjani akijua uzito umepita! Goma tuliyaona kwa macho yetu: Aprili 15, 2008, DC-9 iliingia mtaa wa Birere, na Novemba 24, 2019, Dornier iliyokuwa ikielekea Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umezifungia anga yake kampuni za ndege zilizoandikishwa Kongo. Rubani wetu aliyekimbia jeshi alikimbilia huko, kwenye ndege kuukuu na lami ya Kilambo, maana shirika kubwa la taifa lililoweza kumpokea, Air Zaire, lilifilisika mwaka 1995.

Alifia kitandani, Kisangani, kwa ugonjwa wa presha. Jeshi halikumpa pensheni, na tajiri naye hakumpa kitu. Noti ya milioni 5 ilizikwa naye. Mkewe alitaka iwe hivyo.

Kuna jambo linalonizuia kusema kwamba yote ni fedha. Miaka mingi helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, zilipita juu ya milima yetu, na baadhi zilirushwa na wanajeshi wa Ukraine. Watoto walizijua kwa mlio. Mwaka 2022 vita vilipofika kwao, nchi yao iliwaita, wakakusanya vifaa vyao wakarudi. Walitoka kwenye posho ya Umoja wa Mataifa wakaenda kwenye moto. Sijui mioyo yao, ila naijua ile picha: nchi imeita, watu wake wakaenda. Nchi inayoitikiwa hivyo ilianza kujenga jambo hilo kabla ya siku ya kuita.

Yetu je? Tulipokuwa Kilambo, jeshi lililopaswa kulipwa Kinshasa lilikuwa limejitafutia malipo mlimani. Brigedi ya 85 ilikaa Bisie hadi mwaka 2009 ikichukua sehemu yake kwa wachimbaji na wabebaji, mwanangu akiwemo. Septemba 2010 rais wa wakati ule akafunga machimbo, miezi sita baadaye yakafunguliwa, na tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba pale kwa mitambo yake. Kuhusu mishahara, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulikuja mwaka 2005 ukafanya jambo moja la maana kuliko hotuba zote nilizosikia: ulitenganisha mkono unaoamuru na mkono unaolipa, ili fedha ya askari isipite mfukoni mwa kamanda. Machi 2025, Goma ikiwa imeshatekwa na waasi wa M23 na Walikale penyewe pakiangukia mikononi mwao kwa majuma mawili hivi, rais aliahidi kuzidisha mara mbili mishahara ya askari na polisi. Nilifurahi kusikia. Nilijiuliza pia kwa nini tulisubiri hadi nyumba iungue.

Na ndege zetu za kivita bado zinatunzwa na mafundi wa kigeni wanaokuja kwa mkataba. Kila nikiisikia Sukhoi ikipasua mbingu ya Mpofi nawaza: yule aliyefunga boliti zake analipwa kwa wakati, kwa dolari, na hakuna amwitaye msaliti akirudi kwao. Chini yake, porini, wamo vijana wetu wa Wazalendo wanaolinda vijiji bila mshahara wowote, na tunawataka wawe waaminifu kwa sababu ni wa kwetu. Deni hili ni la zamani, na walioliacha likue ni watu wa umri wangu.

Mwanangu hakurudi nami siku ile ya Kilambo. Magunia yalipokwisha alikuja, akanipigia magoti, akanipa dolari 10 na sabuni mbili. "Baba," alisema, "hapa nalipwa leo kwa kazi ya leo." Nilimwacha. Ndege ikawasha injini, yule meja akafunga mlango wake, askari akanyanyua mti, na pikipiki zikapita juu ya alama za matairi yake.

Mjukuu wangu nimemjibu hivi: ningebaki, kama wangenilipa kila mwezi, wakanipa ndege nzima na saa za kutosha angani, na nikianguka wakamlea mke wangu. Wasipofanya hayo, nenda, na mimi babu yako nitakuwa wa kwanza kukusindikiza hadi barabarani. Wazee wenzangu, tuwaache vijana hawa wapime bila matusi yetu. Mimi matusi yangu yalimkuta mtu kwenye matanga ya mama yake, na siwezi kuyarudisha.

Ameamua kuomba nafasi jeshini. Ana miaka 19, hesabu anazijua, macho yake ni mazima. Nanyi mnaoshika orodha ya mishahara kule Kinshasa, jina lake likiwafikia, nawaomba lisikosekane hata mwezi mmoja.